Uzi Nyuma ya Pazia

Mmeniomba niandike, nyinyi watatu mliobaki na funguo za chumba cha wanawake, nami nimekubali shingo upande. Kwanza nilishuku mnataka kunishughulisha nisije kila asubuhi kuwachungulia. Kisha nikashuku kuna chupa imevunjika na mnatafuta wa kumsingizia. Lakini nimekaa nikafikiri, nikaona liko jambo moja mtakalolifanya kama nilivyolifanya mimi, kwa nia njema ileile, na hapana mwingine wa kuwaambia. Basi someni, na asiyejua kusoma asomewe.

Kushuku nimezaliwa nako. Marehemu mama akisema kwamba nilipopewa ziwa mara ya kwanza nililitazama kwanza. Kazi ya hospitali haikuniponya, ilinizidishia. Mgonjwa atakwambia hajatia kitu mdomoni tangu jana, na mkono wake unanuka samaki wa kukaanga. Mume atakwambia mke wake ameanguka mwenyewe kwenye ngazi, nawe unajua kisiwa wanachotoka hakina nyumba yenye ngazi. Ukimwamini kila anayeingia Kismayo kwa mashua, utawapa watu dawa ya macho kwa ugonjwa wa tumbo.

Niliingia kazini zamani za Waitaliano wa kwanza, kabla ya vita, nikiwa mjane kutoka kisiwa cha Ngumi mwenye leso mbili na ulimi wa Kibajuni na Kisomali. Kiitaliano nilijifunza hapohapo, kwa kufokewa. Siku ya kwanza sikupewa mgonjwa. Nilipewa sufuria, jiko la spiriti na sindano saba za kioo nizichemshe, na Bi Zahara akakaa juu ya kijibao akinitazama kama mtu anayelinda kuku asiibwe. Bi Zahara alikuwa mhudumu mkubwa wa chumba cha wanawake, mwanamke wa mjini, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nilipovunja sindano ya kwanza alisema, "Zimebaki sita." Nilipovunja ya pili hakusema kitu, na hilo ndilo lililonitia adabu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya nyuma ya pazia. Nyinyi mnaijua, ila huenda hamjui ilikotoka. Mwanamke wa kwetu haendi mbele ya mwanamume wa kando hivihivi alivyoamka, hata akiwa mahututi. Kwa hiyo kabla daktari hajaingia, sisi tulimpokea mgonjwa nyuma ya pazia, tukamwosha miguu mchanga wa safari, tukamfukiza udi kidogo, tukamfunga leso safi. Na kama kidevu chake kina nywele, au juu ya mdomo, tulizitoa kwa uzi. Bi Zahara alitumia uzi mweupe wa kushonea kofia, kwa kuwa haukatiki ovyo. Unapaka poda, ncha moja unaiuma kwa meno, mbili unazishika kwa vidole, unausokota katikati, kisha unaufungua na kuufunga kama mkasi. Nywele zinatoka na mizizi yake. Mwalimu wa msikitini aliwahi kuulizwa akasema nyusi tuziache, kidevu hakina neno. Bi Zahara akisema, "Mgonjwa akuachie maradhi yake, aibu yake asikuachie. Msitiri." Nikaona hayo ndiyo maneno bora niliyowahi kuyasikia, na kwa miaka mingi mfuko wa aproni yangu haukukosa kidonge cha uzi.

Sasa nyinyi mtacheka, lakini kwa njia ya uzi huo niliona videvu vya pwani nzima, kutoka mjini mpaka Kudhaa. Ndevu za mwanamke ni jambo ambalo kila mtu ana maneno yake juu yake. Wapo waliosema zinatokana na kunywa supu ya kasa. Wapo waliosema mwanamke amejinyoa kwa wembe wa mumewe. Wengi walisema ana pepo mume kichwani, na pepo huyo anatoka kidogokidogo kwa njia ya kidevu. Na wako waliosema kwa chini kwamba huyo si mwanamke kamili, na neno hilo moja lilivunja nyumba nyingi kuliko mapepo yote.

Baada ya vita Waingereza walikuja wakaenda, Waitaliano wakarudi, na pamoja nao akaja daktari ambaye wanawake walimwita Miwani. Alivaa miwani minene, na kila alipotaka kufikiri aliivua, kwa hiyo alifikiri bila kuona. Mwanzoni nilimshuku sana. Alikuwa akiuliza mambo ambayo mume hamuulizi mkewe: hedhi inakuja lini, ziwa linauma, mamako alianza kuzeeka akiwa na umri gani. Nilidhani ana lake. Nilikaa pale mlangoni na kopo la iodini mkononi, na nilikuwa tayari kummwagia.

Ukweli ni kwamba alikuwa akitafuta tu. Juu ya ndevu alinieleza mengi, maana aliona napenda kujua, ingawa hakujua kwamba napenda kujua ili nimkamate akijipinga. Alisema ziko ndevu za ukoo. Hizo nilizikubali upesi, kwa sababu walikuja dada wanne kutoka Kudhaa, wote na vivuli juu ya midomo, na nyuma yao bibi yao aliyekuwa na kidevu cha kumtosha kadhi. Wazima, wana watoto tele, hawahitaji dawa, wanahitaji uzi tu. Alisema ziko ndevu za uzee, mwanamke akishakoma hedhi: mbili, tatu, ngumu kama mwiba wa samaki. Ziko za wasichana ambao hedhi yao inaruka miezi, miili inanenepa, na vifuko vya mayai tumboni havifanyi kazi yake sawasawa. Nikamuuliza kama uzi unazizidisha, maana watu husema hivyo. Akasema hapana, uzi hauzizidishi wala hauziponyi.

Ziko pia za dawa. Hiyo niliikamata mwenyewe, na nitajisifu kidogo. Mama mmoja wa mjini, mke wa mfanyabiashara, aliota ndevu ndani ya miezi michache, na nyumba nzima ikataka kumpungia pepo. Mimi nikashuku mkono wake, kwa kuwa ulikuwa na vitobo vya sindano ambazo hakuchomwa kwetu. Nikamwandama mpaka akasema: kuna mchuuzi sokoni anachoma sindano za nguvu, na yeye alikuwa anasikia uchovu. Nikapata kichupa kitupu. Miwani alisoma maandishi, akaivua miwani, akacheka mpaka akakaa. Zilikuwa dawa za wanaume waliopungukiwa. Sindano zikakomeshwa, ndevu zikapungua, na mimi nikaanza kutembea hospitalini kama mwenye hospitali.

Kiburi hicho ndicho nilichokuwa nacho Barke alipokuja.

Barke alikuwa mke wa Shee, fundi wa mashua wa kisiwa cha Koyama. Alipata miaka ishirini na kitu, mrefu, macho makubwa, na alizungumza kwa kutazama mikono yake. Aliletwa na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, Bi Somoe. Shida waliyoitaja ilikuwa moja: ndoa ya miaka mitatu na hapana mtoto, na sasa hedhi imekatika na hapana mimba. Bi Somoe alikaa kitako katikati ya chumba, akasema kabla hajaulizwa, "Nimemleta mchazameni. Mwanangu hana kosa. Na huyu kuna kichu anakificha, na mficha uchi hazai."

Nikamshuku papo hapo. Mwanamke anayekuja hospitali kumshitaki mkwewe kabla ya kumwamkia mhudumu ana jambo. Tena alikuwa na chupa ndani ya kikapu, imezibwa kwa kitambaa, na kila baada ya muda alimpa Barke anywe kidogo.

Nilimpeleka Barke nyuma ya pazia. Nilipomfungua ushungi nikaona kidevu. Ndevu hazikuwa nyingi siku hiyo, lakini zilikuwa nyeusi na nene, na nyingine zilianza kwenye mashavu. Akanishika mkono.

"Bi Mwanaidi, nisitiri," akasema. "Mavyaa hajaziona. Nazing'oa kwa kucha kila alfajiri. Akiziona atamwambia Shee mimi si mwanamke, nami ntarudishwa kwetu."

"Zimeanza lini?"

"Tangu kaskazi."

Nikatoa uzi. Nilifanya kazi nzuri, nasema kweli. Kidevu chake kilipotoka kwenye mikono yangu kilikuwa laini kama kiganja. Akajitazama kwenye kioo changu kidogo akalia kwa furaha, nami nikaona nimeshamtibu nusu.

Miwani aliingia, akauliza maswali yake, nami nikafasiri. Bi Somoe alikuwa amesogeza kigoda mpaka karibu na pazia, sikio limesimama. Ndipo daktari akaniuliza kwa Kiitaliano, "Muulize kama ana nywele usoni au kifuani ambazo zamani hakuwa nazo."

Sasa fikirini mngefanyaje. Swali lile kulitamka kwa Kibajuni, mbele ya mavyaa yule, ilikuwa ni kumpa talaka kwa mdomo wangu. Nilikitazama kidevu nilichokisafisha mwenyewe, nikamgeukia Barke, nikamuuliza kwa Kibajuni kama alipata tabu njiani. Akasema hapana. Nikamwambia daktari, "Anasema hapana."

Daktari akaandika. Akaona macho yake yamepauka, akampa dawa ya kuongeza damu, akasema arudi.

Alirudi kila mwezi, na kila mwezi nilimpitisha nyuma ya pazia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezama kwenye upelelezi wangu. Nilikuwa na yakini kwamba ugonjwa uko ndani ya chupa ya Bi Somoe. Kama mchuuzi wa sokoni aliweza kumwotesha mwanamke ndevu kwa kichupa kidogo, mavyaa mwenye chuki angeshindwaje kwa chupa kubwa? Nikaona kila kitu kimekaa sawa: anamlisha mkwewe kitu cha kumharibu, aachwe, mwanawe aoe anayemtaka yeye. Safari ya tatu niliiba ile chupa. Bi Somoe alikuwa ametoka kujisaidia, nami nikamimina kiasi kwenye kikombe cha dawa, nikampelekea Miwani nikiwa nahema.

Alinusa, akaonja kwa ncha ya kidole. Akanitazama. "Asali, sinyora," akasema. "Asali na habasoda."

Sikumwamini hata yeye. Nilinywa nusu ya kikombe mwenyewe, nikangoja siku nne, nikijipapasa kidevu. Hapakuota kitu. Bi Somoe alikuwa akimpa mkwewe asali apate nguvu za kuzaa, basi. Nilichukia sana, na badala ya kujiuliza kama si chupa ni nini, nikaanza kumshuku Shee.

Haya nayaandika ili mjue nilivyokuwa na macho makali. Nilimchungua mavyaa, nilimchungua mume, nilimchungua daktari. Nywele nilizokuwa nikizitoa kwa mkono wangu sikuzichungua. Safari ya pili ziliniuma vidole. Safari ya tatu nilibadilisha uzi, nikatumia uzi wa kushonea tanga, maana ule wa kofia ulikatika mara mbili. Safari ya nne nilianza na shingo. Na kila mara nilipomaliza, nilifagia, nikatupa, nikamkabidhi daktari mwanamke safi.

Safari ya tano nilikuwa nimeinama kwenye sufuria ya sindano niliposikia sauti ya mwanamume nyuma ya pazia. Ilisema, "Nimekuya." Damu ilinipanda. Katika miaka yangu yote hakuna mwanamume aliyekanyaga pale pasipo kupigiwa hodi. Nikashika koleo la moto, nikafungua pazia kwa nguvu, tayari kumtoa mtu meno.

Alikuwa Barke, peke yake.

"Ni mimi, Bi Mwanaidi," akasema, kwa sauti ile nzito. "Nna mafua."

Nikaweka koleo chini. Hayakuwa mafua, na yeye alijua, nami nikajua. Nilimtoa ushungi. Ndevu zilikuwa zimejaa mpaka masikioni, na nywele za kichwa zimerudi nyuma pande zote mbili za paji, kama mzee wa baraza. Nikamlaza nimfunge leso, na mkono wangu ukapita juu ya tumbo lake chini ya kitovu, upande wa kushoto. Palikuwa na kitu kigumu cha ukubwa wa embe dodo.

Naye alikuwa tayari amefumba macho na kuinua kidevu, anangoja uzi.

Nikautoa mfukoni. Niliuweka mdomoni, ncha nikaiuma. Nasema kweli tupu: mikono yangu ilikuwa inaanza kazi yenyewe. Bi Somoe alikuwa nje kwenye benchi, namsikia anakohoa. Nikautema uzi.

"Mwanangu, leo sitoi," nikamwambia. "Leo daktari akuone hivi ulivyo."

Akafumbua macho. "Bi Mwanaidi."

"Akuone."

"Mavyaa yuko hapo nje! Atasikia! Ulinambia utanisitiri!" Akashuka kitandani, akajifunika ushungi, akataka kutoka kwa mlango wa nyuma. Nikamkamata kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu ambazo hakuwa nazo zamani, tukavutana, kijibao cha Bi Zahara kikaanguka, nami nikaita, "Dottore! Dottore!" kama mtu anayeita mwizi.

Miwani akaingia mbio, na Bi Somoe nyuma yake. Ushungi ukadondoka. Wakamwona wote wawili.

Barke hakulia. Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza bila kutazama mikono yake, akasema, "Mwenyezi Mungu akufichue weye kama ulivyonifichua mimi."

Bi Somoe alikuwa amekiziba kinywa kwa leso. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia baridi: "Nilimuoza mwanangu mke. Sikumuoza mume mwendziwe."

Nilimtoa nje. Sikumtoa kwa adabu.

Daktari alimpima Barke tumbo kwa muda mrefu, akamfunika vizuri, akatoka naye hadi kwenye chumba cha kulala wagonjwa. Kisha akanirudia. Akaivua miwani.

"Ndevu hizi zimekuja lini?" akaniuliza.

"Zilikuwapo alipokuja mara ya kwanza."

"Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema amesema hapana."

"Sikumuuliza," nikasema. "Nilikuwa nimeshazitoa."

Kule nje kuna mtu alikuwa anapiga pampu ya maji, nikaihesabu mikwaruzo yake. Mwisho akasema taratibu, bila kufoka, na laiti angefoka: "Kwa hiyo miezi yote hii mgonjwa wangu sikumwona, sinyora. Nilikuwa namtibu mwanamke uliyenitengenezea wewe nyuma ya pazia."

Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza, kwa kuwa hakudhani linahitajika. Ndevu zinazokuja polepole, za ukoo au za uzee, hazina haraka. Lakini zikija kwa miezi michache, nazo zimefuatana na hedhi kukatika, sauti kuzama na nywele za kichwani kukimbia, usitafute pepo wala sumu. Tazama tumbo upesi, kwa maana kuna uvimbe unaomwaga ndani ya mwili maji ya kiume, kwenye kifuko cha mayai au juu ya figo. Uvimbe huo hukua. Nywele ndiyo alama inayotangulia.

Alama inayotangulia, nami nilikuwa nimeifagia mara nne.

Barke alipelekwa Mogadishu kwa lori la serikali, Shee ameketi nyuma amemshikia kichwa. Nilimshuku bure Shee. Nilikwenda kuwaaga, na Barke aligeuza uso. Kwa wiki sita nilikuwa nikienda bandarini na kwenye kituo cha malori nikiuliza habari, na wakati huo nilimshuku kila dereva kwamba anajua na ananificha.

Alirudi hai. Uvimbe ulitolewa wote. Lakini ulikuwa umeshakua na kushikamana na upande wa pili, na madaktari wa kule walivitoa vifuko vyote viwili. Miwani alinisomea barua yao kwa sauti, kisha akaikunja. Nikamuuliza, "Angekwenda ile mara ya kwanza?" Akasema, "Kimoja labda kingebaki." Nikamuuliza labda hiyo ni kubwa kiasi gani. Akarudi kwenye kazi yake.

Ndevu za Barke zilipungua, zikawa chache na laini. Sauti haikurudi yote. Mpaka leo akikuamkia kizani utaitika kama unamwitikia mwanamume. Talaka haikutoka. Shee alimwambia mamake mbele ya watu kwamba mashua ikitoboka huzibwa, haichomwi. Lakini baada ya miaka miwili alioa mke wa pili, wa Koyama hukohuko, na huyo akazaa. Mtoto wa pili, msichana, alilelewa na Barke, na anamwita mama.

Sasa ngojeni, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Miezi michache baada ya kurudi, Barke alinijia na kikapu cha samaki mkavu. Akaniomba radhi kwa ile laana. Alisema daktari wa Mogadishu amemwambia angechelewa kidogo tu angekufa, kwa hiyo mimi niliyemfichua ndiye niliyemwokoa. Akasema, "Nilikulaani, na kumbe weye ndiwe mama yangu." Akanibusu mkono.

Nami niliuacha mkono wangu ubusiwe. Nikapokea na samaki. Sikusema kwamba kosa langu halikuwa siku ile niliyomfichua, lilikuwa zile siku nne nilizomficha. Kila mwaka alikuja, kila mwaka na kikapu, akakaa juani nikitazame kidevu chake kama ndevu zimerudi, na kila mwaka nikamwambia, "Uko salama, mwanangu." Wenzangu wakamsimulia kila mgeni habari ya Bi Mwanaidi aliyemwokoa mke wa Koyama. Nikawashuku wanajua na wananicheka. Hawakujua kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa mfukoni mwa aproni, kimezungushwa kuwa kidonge.

Uzi sikuutupa. Nyinyi mmeniona nikiutumia mpaka wiki yangu ya mwisho. Ila baada ya Barke hakuna mwanamke aliyepitishwa uzi kabla daktari hajamwona, na lile swali la nywele nililiuliza kila mara, kwa sauti ya chini, mavyaa wakiwa wametolewa nje hata kwa nguvu. Mliponiita mkali, sababu ni hiyo.

Siku yangu ya mwisho kazini Barke alikuja na kikapu kama kawaida. Nilikuwa nimekaa juu ya kijibao cha Bi Zahara, vitu vyangu viko kwenye furushi. Nikamwambia akae. Nikamweleza yote: swali la daktari, jibu langu la uongo, uzi wa tanga, barua, na ile labda. Nilisema bila kupamba, kwa kuwa nilihofia nikipamba nitajisamehe katikati ya maneno.

Nikamtazama mikono, akawa anaitazama naye.

"Kimoya kingesalia," akasema.

"Labda."

"Na mimi ndimi niliyekwambia unisitiri."

"Wewe ulikuwa mtoto, na mgonjwa. Mimi nilikuwa mhudumu."

Hakunipinga. Akainua mkono, akanishika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza juani kama nilivyokuwa nikimgeuza yeye. Nina nywele tatu hapo, nne nikiwa na bahati mbaya.

"Hizi za uzee," akasema kwa ile sauti yake nzito. "Zimekuya pole. Hazina neno." Kisha akatia mkono mfukoni mwa aproni yangu bila kuniomba ruhusa, akatoa uzi, ncha moja akaiuma kwa meno.

Alizitoa moja moja, na kila moja aliivuta kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Sikusema ah. Alipomaliza alinipangusa kidevu kwa pembe ya leso yake, akautia ule uzi katika kikapu chake kitupu, akaenda zake. Samaki aliniachia, uzi akaondoka nao.